Trapeza ni nini? Cheki hii kabla ununue ploti Adungosi

Trapeza ni umbo la pande nne, mbili kati yazo zikiwa sambamba: hata uzivute hadi Malaba, hazikutani. Pembe mbili za kila ubavu ukijumlisha ni digrii 180.

Sasa wewe msee wa kusaka ploti, skiza. Mbele kwa lami ni futi 70, nyuma 50, sambamba. Kutoka lami hadi nyuma, kwa kona ya digrii 90, ni 100. Broka atakupigia 70 mara 100, akwambie 7,000. Zii! Jumlisha 70 na 50, gawa kwa mbili, zidisha kwa 100: futi mraba 6,000. Hiyo 1,000 ungelipia hewa. Na usipime ubavu ulioinama, huo huwa mrefu kuliko 100.