Giaboksi Inasumbua? Pima Hizi Vitu Kabla Fundi Akwambie Ununue Ingine

Hakuna sentensi inauma mwenye gari kama "Boss, hii giaboksi imeisha." Hapo hapo unaanza kupiga hesabu ya nani anaweza kukusotea. Na kama gari ni ya kubeba wasee kwa app, ama uliinunua na mkopo wa sacco, kila siku inalala gereji ni siku huingizi kitu na malipo ya mwezi bado yanakungoja.

Lakini tulia kwanza. Gia kusumbua haimaanishi giaboksi imekufa. Mara mob shida iko kwa oili, sensa, swichi ama hata injini yenyewe, na giaboksi inalaumiwa bure. Form ni moja: anza na kitu ya bure, fuata na ya bei ndogo, na ya bei kubwa ikuje mwisho. Fundi akikuruka moja kwa moja hadi namba ya mwisho, uliza maswali.

1. Jua ndai yako iko na giaboksi gani

Usidhani kila gari ya kuweka D ni sawa. Kuna automatiki ya kawaida, iko na gia nne, tano ama sita ndani. Halafu kuna CVT, haina gia za hatua. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Fielder ya zamani, NZE121, ilikuja na automatiki ya gia nne, lakini iliyofuata, NZE141, nyingi ziko na CVT. Nissan Note E12 nyingi ni CVT. Demio ya kuanzia 2014 ni automatiki ya gia sita. Honda Fit Hybrid ya kuanzia 2013 iko na ya klachi mbili, na hiyo ni stori tofauti kabisa.

Mbona ujue? Kwa sababu kila moja inakunywa oili yake. Pia, CVT ukikanyaga mafuta, mlio wa injini unapanda na kukaa hapo juu kabla gari ishike kasi. Hiyo ni kawaida yake, si kuteleza. Kuna wasee wamefungua giaboksi nzima juu ya hiyo sauti tu.

Namba ya giaboksi huwa kwa kabati kadogo ka chuma kwa nguzo ya mlango ama chini ya boneti. Kwa Toyota, tafuta mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Kapige picha ukae nayo kwa simu.

2. Dalili, na vile zinamaanisha

- Unaweka D ama R, gari inakaa kama imelala kabla ishike. Sekunde moja ni sawa. Ikipita mbili, anza kushuku oili imepungua ama presha iko chini.
- Injini inalia juu lakini kasi haipandi, hasa mlimani. Kwa automatiki ya kawaida hiyo ni kuteleza. Usiendelee kuisukuma.
- Inagonga ikibadilisha gia. Inaweza kuwa oili chafu, solenoidi, ama mauntingi zimekatika.
- Inatetemeka ukiondoka polepole, kama inapita kwa matuta madogo. Kwa CVT, dalili hii ni ya kushughulikia mapema, kabla mkanda uchune puli.
- Imekwama kwa gia moja na haipandi tena. Hapo kompyuta imejilinda. Inaificha giaboksi kwa gia moja ndio ufike nyumbani bila kuivunja.
- Taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe kwa Toyota za zamani. Hiyo si swichi imeharibika. Ni gari inakushow kuna kosa limehifadhiwa kwa kompyuta.
- Doa jekundu chini ya gari asubuhi. Oili inavuja, na mara nyingi ni sili tu.

Andika dalili inakuja wakati gani: gari ikiwa baridi ama moto, kwa jam ama barabara wazi, mlimani ama tambarare. Fundi mzuri atakuuliza hayo maswali kabla hata ashike spana.

3. Vitu zinajifanya giaboksi

Hapa ndio doo mob hupotea.

*Lever imekwama kwa P.* Kanyaga breki na umwambie mse aangalie taa za nyuma. Kama haziwaki, shida pengine ni swichi ya taa za breki ama fyuzi. Hiyo swichi ndio huambia gari "dere amekanyaga breki, mfungulie." Ni kitu ndogo sana. Gari nyingi za Japani pia ziko na kashimo kando ya lever, limefunikwa na plastiki. Ukifinya hapo ndani lever inatoka. Weka handibreki kwanza.

*Inagonga ukiweka R ama D.* Fungua boneti, mse akanyage breki kabisa na abadilishe D na R. Usisimame mbele ama nyuma ya gari, kaa kando. Injini ikiruka kama inataka kutoka, angalia mauntingi.

*Inatetemeka na kukosa nguvu.* Plagi ama koili ikichapa, injini inakosa mpigo na wewe unahisi kama gia zinateleza. Mara nyingi taa ya injini huwaka.

*Inalia ka-ka-ka ukikata kona.* Hiyo ni CV jointi, si giaboksi. Mvumo unaopanda na kasi na haubadiliki ukibadilisha gia, shuku bearing ya gurudumu ama tairi.

*Lever inasonga ikiwa laini, gari haishiki gia yoyote.* Pengine kebo ya gia ama bushi yake imetoka.

4. Oili: hapa ndio vita iko

Kama giaboksi yako iko na dipstiki, soma kitabu cha gari kwanza, juu njia hazifanani. Toyota nyingi: endesha gari ipate moto, simama pahali tambarare, injini ikiwa on na breki umekanyaga, pitisha lever kila nafasi halafu rudisha P, ndio upime upande umeandikwa HOT. Honda nyingi unazima injini kwanza, halafu unapima ndani ya dakika moja na nusu. Gari mpya mpya nyingi hazina dipstiki. Hizo hupimwa kwa nati ya chini, oili ikiwa kwa joto fulani, so hiyo mwachie fundi.

Pangusa na karatasi nyeupe, uangalie:

- Nyekundu safi: fiti.
- Kahawia: imezeeka, panga kuibadilisha.
- Nyeusi na inanuka kama kitu imeungua: klachi za ndani zimechomeka. Oili mpya peke yake inaweza isisaidie.
- Pinki kama maziwa ya stroberi: kulanti imeingia, mara nyingi kupitia kipoza oili cha ndani ya redieta. Zima gari. Usiendeshe hata kilomita moja.

Oili ya CVT zingine ni ya kijani ama ya manjano tangu ikiwa mpya, usishtuke.

Sasa kosa la kuua giaboksi: kumwaga "oili yoyote nyekundu." Toyota za kitambo hutumia T-IV, zilizofuata WS. Nissan za CVT hutumia NS-2 ama NS-3. Oili ya automatiki ya kawaida ndani ya CVT ni sumu, kwa sababu ule mkanda wa chuma unategemea mshiko wa oili yake maalum. Ikikosa, mkanda unateleza na kukwaruza puli. Simama hapo fundi akifungua mtungi, na usome lebo mwenyewe.

Pia, ukimwaga oili kwa nati ya chini, haitoki yote. Nyingine inabaki ndani ya toki konvata na mabomba. Tuseme inatoka nusu: ukibadilisha mara moja uko na asilimia 50 mpya, mara ya pili 75, mara ya tatu karibu 88. Ndio maana mafundi wazuri humwaga na kujaza mara mbili ama tatu, ukiendesha siku kadhaa katikati. Ni polepole, lakini ni salama kuliko kusukuma uchafu wote na mashine kwa giaboksi ya kitambo.

Na ile stori ya "ukibadilisha oili ya zamani giaboksi inakufa"? Mara nyingi giaboksi hiyo ilikuwa imeshaanza kuteleza, na mwenyewe akakumbuka oili kama amechelewa. Hakuna oili inarudisha klachi iliyochomeka.

5. Soma namba za kosa

Kabla mtu afungue nati yoyote, gari isomwe na mashine. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na giaboksi. Omba uone namba wewe mwenyewe, piga picha.

- P0700: hii ni kengele tu. Inasema kuna kosa kwa mfumo wa gia, tafuta namba ingine iliyo ndani.
- P0715 na P0720: sensa za kasi, ya kuingia na ya kutoka, ama waya zake.
- P0730: gia haishiki vile kompyuta inatarajia. Hapo kunaweza kuwa na kuteleza.
- P0741: klachi ya toki konvata haifungi.
- P0750: solenoidi ya kubadilisha gia.
- P0776: presha haidhibitiki. Inaonekana sana kwa CVT.
- P0218: giaboksi imepata joto kupita kiasi.

Namba haimaanishi nunua hiyo parti mara moja. Inakuonyesha pa kuanzia. P0715 inaweza kuwa waya umelika na panya. Apime waya kwanza.

6. Kutoka rahisi hadi ghali

Kwanza waya, fyuzi, swichi na betri dhaifu. Pili oili, na filta kama iko pahali inafikika. Tatu sensa na solenoidi. Nne valvu bodi, ile sehemu inagawa presha ya oili. Kwa gari nyingi inatoka kwa kufungua sampu, bila kushusha giaboksi. Tano ndio kufungua giaboksi ama kununua ingine.

Sampu ikifunguliwa, dai kuona sumaku zake. Matope laini ya kijivu ni kawaida ya umri. Vipande vinavyong'aa ni habari mbaya, chuma kinakula chuma. Hapo hata fundi mwaminifu atakwambia ukweli mchungu.

7. Ikibidi ununue ingine

Wengi huishia Kirinyaga Road, yenye wasee bado wanaita Grogan, kutafuta iliyotumika kutoka Japani. Kabla utoe ganji:

- Linganisha namba ya giaboksi na ile ulipiga picha. "Inaingiana tu" si jibu.
- Dai risiti yenye namba hiyo, na siku za kujaribu ziandikwe.
- Hakikisha oili ni mpya, na bomba za kupoza oili zimesafishwa. Uchafu wa giaboksi ya zamani ukibaki humo, unaua hii mpya.
- Toki konvata iingie mpaka ndani kabisa kabla ya kufunga nati. Ikilazimishwa, pampu inavunjika siku ya kwanza na muuzaji atasema ni wewe.
- CVT za Nissan nyingi zinataka kupangwa tena na kompyuta baada ya kubadilishwa. Uliza kama fundi ako na hiyo mashine kabla ashushe ya kwanza.

8. Madere wa manual

Ukiwa gia ya nne kama kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mzunguko wa injini ukiruka na kasi ibaki pale pale, klachi pleti imeisha. Kama gia zinakataa kuingia, hasa ya nyuma, anza na maji ya klachi na silinda zake kabla ushushe giaboksi. Ikishushwa, badilisha pleti, presha pleti na bearing pamoja. Kulipa leba mara mbili ni ujinga.

9. Tabia za kuacha leo

Kushuka mlima na free kwa automatiki hakukuokolei mafuta ya maana na kunakunyima breki ya injini. Usirushe R gari bado inasonga mbele. Ukipaki kwa mteremko, weka handibreki kwanza, achilia breki ya mguu gari ikae, halafu P. Usishikilie gari mlimani na mafuta, tumia breki.

Na ikichapa barabarani, usivutwe na kamba. Magurudumu ya kuendesha yakizunguka injini imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi na giaboksi inajisaga kavu. Ita brekdauni ya kubeba gari mgongoni, hata kama inauma mfuko. Kama gari inateleza na haishiki kasi, usijaribu Thika Road ama kupanda ile milima ya Mai Mahiu. Kukosa nguvu katikati ya malori ni hatari ya maisha, si ya gari tu.

Siku fundi atakwambia imeisha, muulize vitu tatu: namba ya kosa ni gani, oili inakaa aje, na kwa sampu kumepatikana nini. Akijibu zote na akuonyeshe, pengine anasema ukweli. Akikasirika, chukua funguo zako uende kwa mwingine.