Sema Hata Kama Huna Kitu

Wadau, mwaka jana programu yangu iliganda asubuhi hapa Watamu, samaki wako mizanini, barafu inayeyuka. Muuza samaki aliniangalia tu. Mtu aliyeacha chuo, unajua alichokuwa akiwaza.

Iko hivi. Kila samaki anapata namba. Wote wanapita njia ya hesabu. Jodari peke yao wanapita pia njia ya pili, ya oda za hoteli. Mwishoni kuna sehemu inayounganisha njia zote mbili kwa kufuata namba. Siku hiyo ilikuwa changu kwa changu, njia ya jodari kimya. Muunganishaji akangoja: labda jodari yuko njiani? Foleni ya hesabu, yenye nafasi 50, ikajaa. Mgawaji akakosa pa kumweka changu wa 51, akasimama. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na hakuna aliyekosea!

Kumbe ugonjwa ni wa zamani. Mwaka 1971 Coffman na wenzake wawili waliandika masharti manne ya mkwamo: vunja moja tu, haujitokezi. Hayo chuoni tuliyakariri ya mtihani, basi. Mwaka 1974 Mfaransa Gilles Kahn akachora programu zinazopelekeana data kwa foleni zisizo na kikomo. Kwenye karatasi raha, lakini memori nani atanunua?

Dawa ninayoipenda ilitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 70: Chandy na Misra kule Texas, na Bryant wa MIT kivyake. Walikuwa wanagawa uigaji mmoja kwa kompyuta kadhaa, na kompyuta zinazongojana hukwama. Wakasema: kama huna habari, tuma ujumbe mtupu, "mpaka hapa sina kitu chako." Anayengoja anaendelea na kazi. Ila ukituma ovyo unajaza njia na upuuzi. Mwaka 2010 watafiti wanne wa Washington University, St. Louis, wakapigia hesabu mikondo inayochuja data, kama wangu: ukijua ukubwa wa foleni, unajua utume ujumbe mtupu baada ya vitu vingapi.

Mimi niliweka 40. Samaki 40 wakipita bila jodari, njia ya pili inapata taarifa, na foleni haifiki 50.

Nilipomweleza yule muuza samaki, alicheka. Manahodha wake humpigia simu kumwambia hawajapata kitu, asije akanunua barafu ya bure.