Stefanie Zweig: Mkimbizi Myahudi aliyelelewa Kenya

STEFANIE Zweig, mwandishi Mjerumani wa jamii ya Kiyahudi, alizaliwa Septemba 19, 1932, mjini Leobschütz, eneo la Silesia ambalo siku hizi liko Poland. Babake alikuwa wakili, lakini chini ya utawala wa Adolf Hitler, Wayahudi walipokonywa haki ya kufanya kazi hiyo. Mnamo 1938 familia hiyo ilitorokea Kenya, iliyokuwa koloni ya Uingereza. Stefanie alikuwa na umri wa miaka mitano.

Elimu ya sheria za Ujerumani haikumfaa mzee huyo huku ugenini. Ilimbidi asimamie mashamba ya watu, kazi ambayo hakuwa ameisomea. Vita vilipozuka Septemba 1939, Waingereza waliwazuilia Wajerumani waliokuwa Kenya kama maadui, wakiwemo Wayahudi ambao Hitler huyo huyo alikuwa amewatimua! Baadaye alijiunga na jeshi la Uingereza.

Mnamo 1941 ilifika kadi kutoka kwa nyanyake Stefanie, yenye maneno machache tu: kesho yake wangepelekwa Poland. Hawakuonana tena.

Mtoto, kwa upande wake, alikuwa amepata kwao. Alikizungumza Kiswahili na wafanyakazi wa shambani, na shuleni akafunzwa Kiingereza. Hivyo basi, babake alipoamua kurejea Ujerumani mwaka 1947 na kuwa jaji mjini Frankfurt, msichana huyo wa miaka 14 aliingia katika mji uliobomolewa kwa mabomu, wenye njaa, akiwa na Kijerumani cha kubabaisha. Kwa mzazi, huko kulikuwa kurudi nyumbani. Kwa bintiye, ulikuwa uhamisho wa pili.

Zweig alikuwa mwanahabari kwa miaka mingi kabla ya kuchapisha, mwaka 1995, riwaya ya Nirgendwo in Afrika, iliyotokana na maisha yake ya Kenya. Filamu ya riwaya hiyo, iliyoongozwa na Caroline Link na kupigwa humu nchini, ilitwaa tuzo ya Oscar mwaka 2003. Mwigizaji Mkenya Sidede Onyulo aliigiza kama Owuor, mpishi. Mtazamaji wa Kiswahili hatahitaji tafsiri kila mara.

Mwandishi huyo alifariki Aprili 25, 2014, akiwa na miaka 81. Kumbukumbu zake, alizozitoa mwaka 2012, zina jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: Kwetu Hakukuwa Popote.