Mti Uliotangulia Reli

Nyakanazi, pale njia panda ya malori yatokayo Isaka kwenda Rusumo na mengine kushika njia ya Kigoma, hakuna reli. Wajerumani walianza kujenga moja mwaka 1914 kutoka Tabora kuelekea Mto Kagera, vita vikaikatiza. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya Isaka hadi Kigali. Basi suala la mwembe wa mtu unaomziba dereva wa treni asione mbele si la mbali kwa watu wa Ngara na Biharamulo, na imamu huenda akaulizwa kabla ya wakili.

Waingereza walilijibu katika Sheria ya Reli ya India ya mwaka 1890. Mti ukihofiwa kuangukia reli, au ukiziba ishara, wenye reli huweza kuukata kwa ruhusa ya hakimu; katika dharura, hata bila ruhusa. Lakini ukiwa uliitangulia reli au ishara, hakimu huweza kuamuru mwenyewe afidiwe. Aliyepanda baadaye hakuwekewa kitu.

Katika fiqhi, asili yake ni kisa alichokipokea Abu Daud. Samura bin Jundub (RA) alikuwa na mtende ndani ya bustani ya Answari, na kuingia kwake kukawaudhi wenyeji. Mtume (SAW) alimtaka auuze, au abadilishane, au autoe. Alipokataa yote, Answari akaambiwa aung'oe. (Wapo wanavyuoni waliotaja mkatiko katika sanadi yake, ila maana yake inaungwa mkono na kanuni ya kuondoa madhara.) Majalla ya Waothmani, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, ikaweka kwamba dhara la mmoja huvumiliwa ili kuzuia dhara la wote, na kwamba milki hutwaliwa kwa ajili ya njia kwa amri ya mtawala na kwa thamani yake.

Hiyo thamani ndiyo tunayoisisitiza. Umar (RA) alipopanua Msikiti wa Makka mwaka 17 Hijria, baadhi ya wenye nyumba walikataa kuuza. Aliwakumbusha kuwa wao ndio walioifuata Al-Kaaba, si yenyewe iliyowafuata. Nyumba zikavunjwa, na bei zao zikawekwa katika hazina ya Al-Kaaba mpaka wakazichukua. Walikuwa wamechelewa, na bado walilipwa. Wala malipo hayakuachiwa hiari ya hakimu.

Kwa kipimo hicho, miembe na migomba iliyosimama Nyakanazi leo imeitangulia reli, na thamani yake iko juu ya atakayeileta. Wallahu aalam.