Dopamini na Tiba ya Uraibu

Dopamini ni kemikali inayopeleka taarifa kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Ndani ya ubongo, sehemu kubwa yake hutengenezwa na seli zilizo katika ubongo wa kati. Nyuzi za baadhi ya seli hizo hufika eneo liitwalo akambensi na gamba la mbele la ubongo, panapopimwa maamuzi, na njia hiyo huitwa mkondo wa tuzo. Wengi huijua dopamini kuwa kemikali ya raha, na kwa hiyo hudhani kwamba kumtibu mraibu ni kumwongezea au kumpunguzia kemikali hiyo. Ushahidi unaelekeza kwingine: dopamini ni kemikali ya hamu na ya kujifunza, na tiba inayofaa ni ile inayoutuliza mkondo huo na kuupa muda wa kujifunza upya.

Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walipachika waya katika ubongo wa panya, na panya hao wakawa wanabonyeza kitufe bila kuchoka ili wapate mshtuko mdogo wa umeme. Ilidhaniwa kwamba kitovu cha raha kimepatikana. Baadaye Kent Berridge alionyesha kuwa panya waliopotezewa dopamini waliendelea kuufurahia utamu uliowekwa mdomoni, ila hawakujisumbua kukifuata chakula. Wolfram Schultz naye aliona kwa nyani kwamba seli za dopamini, ambazo mwanzoni ziliitikia tone la juisi, baada ya mazoezi ziliitikia ishara inayoitangulia juisi hiyo. Ndiyo maana aliyeacha unga, yaani heroini, kwa miezi mingi huweza kushikwa na hamu kwa kuona sindano au kupita karibu na maskani ya zamani. Mazoea yana taabu, na taabu hiyo ina makao ndani ya ubongo.

Kama uraibu ungekuwa upungufu wa dopamini tu, dawa zinazoiiga zingetosha. Bromokriptini ilijaribiwa kwa waraibu wa kokeini bila mafanikio ya kuaminika, na baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa za jamii hiyo walizidiwa na hamu ya kucheza kamari. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hupita njia nyingine. Heroini iliyodungwa hufika ubongoni kwa sekunde, hulegeza seli zinazoishikia dopamini breki, kisha baada ya saa chache huacha arosto: kamasi, maumivu ya viungo, kuharisha na kukosa usingizi. Methadoni hushika vipokezi vilevile vya seli vinavyoshikwa na heroini, lakini ikinywewa hupanda taratibu na kudumu takriban siku nzima. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yake huko New York mwaka 1965. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011: mgonjwa hufika dirishani, hupokea dozi yake ya dawa ya maji katika kikombe kidogo, na huinywa mbele ya mhudumu.

Wapo wanaosema huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Ni kweli kwamba methadoni nayo huleta utegemezi, na ikizidi huua. Lakini kinachoufunza ubongo uraibu ni ule mpando wa ghafla unaorudiwa mara nyingi kwa siku, na mpando huo ndio methadoni inaouondoa. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa waraibu wa heroini hufa wachache zaidi wakiwa katika tiba kuliko baada ya kuiacha. Wengine huuliza: ikiwa huu ni ugonjwa wa ubongo, mbona wanajeshi wengi wa Marekani waliotumia heroini Vietnam waliiacha waliporudi nyumbani, kama alivyobaini Lee Robins? Swali hilo linaithibitisha hoja yenyewe, kwa kuwa mkondo uliofunzwa na mazingira hutulia ishara za mazingira hayo zinapoondoka. Dawa humpa mraibu utulivu, na ushauri nasaha, kazi na jamaa wanaompokea humpa mazingira mapya.

Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake walipima ubongo wa watu wachache walioacha methamfetamini. Baada ya takriban mwaka mmoja, visafirishi vyao vya dopamini, yaani protini zinazoirudisha dopamini ndani ya seli, vilikuwa vimerejea kwa kiasi kikubwa, ingawa uwezo wa kumbukumbu na wepesi wa viungo haukurudi kwa kiwango kilekile. Ubongo hupona, lakini hupona polepole. Anayemtaka mraibu awe mzima ndani ya wiki chache anamdai kile ambacho mwili wa binadamu hauwezi kutoa.