Mapigo ya Moyo na Uhai wa Muda Mrefu Baada ya Kupandikizwa Moyo

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa aliyepandikizwa moyo, idadi hiyo mara nyingi huwa kati ya 90 na 110. Wakati wa upasuaji, mishipa ya fahamu inayoupunguzia moyo kasi hukatwa, na moyo mpya hutegemea zaidi homoni zinazoletwa na damu. Kwa sababu hiyo, mapigo huchelewa kupanda mtu anapoanza kazi na huchelewa kushuka anapopumzika.

Upandikizaji wa kwanza wa moyo kutoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu ulifanywa na Dkt. Christiaan Barnard huko Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 3 Desemba 1967. Mgonjwa aliishi siku 18. Hivi sasa zaidi ya nusu ya wanaopandikizwa duniani huishi zaidi ya miaka 10. Tafiti za ufuatiliaji zimehusisha mapigo ya kasi zaidi wakati wa mapumziko na uhai mfupi. Hata hivyo, kasi hiyo yaweza kuwa ishara tu ya tatizo jingine, kama vile maambukizi, upungufu wa damu au mwili kuukataa moyo mpya.

Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, lakini upandikizaji wa moyo bado si huduma ya kawaida. Kwa mkazi wa Kibaha au Kisarawe, njia ya uhakika zaidi ni kugundua maradhi mapema, kabla moyo haujachoka.

Kipimo cha awali hakihitaji gharama. Mwananchi apumzike dakika tano, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, kisha ahesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi 100 mara kwa mara, au yakienda bila mpangilio, afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au Hospitali ya Tumbi iliyopo Kibaha, na akihitaji ubingwa zaidi, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam.

Mwenye maumivu ya kifua, kuzirai au kushindwa kupumua asisubiri kuhesabu. Awahishwe hospitali mara moja.