Kukumbuka na Kusahau

Mzee akisikia majina sita asubuhi, na mchana akabaki na mawili tu, watoto hucheka: «Akili yake imekwisha!» Je, ni kweli?

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini (354–430), alistaajabia sana nguvu ya kukumbuka katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake. Lakini aliitazama ndani ya roho yake tu, hakuipima. Kuipima kulianza baadaye sana.

Katika Ujerumani, Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akatoa kitabu chake mwaka 1885. Alitunga silabi 2300 hivi zisizo na maana, akajifunza mafungu yake kwa moyo. Aliona kwamba mengi husahauliwa saa za kwanza, kisha kusahau huenda polepole. Tena, kurudia mara 38 katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 siku moja. Ndiyo sababu katekista mwenye busara hafundishi sala ndefu yote kwa siku moja.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mitihani ya akili kwa watoto. Mtoto alisikia tarakimu au sentensi, akairudia. Kadiri mtoto anavyokua, hushika maneno mengi zaidi.

Halafu André Rey wa Geneva alitunga kipimo kinachotumiwa hata leo. Mpimaji anasoma maneno 15, na mtu anasema yale anayokumbuka. Wanafanya hivyo mara tano. Kisha anasomewa maneno mengine, na baadaye anaulizwa tena yale ya kwanza. Mwishoni anasikia maneno yaliyochanganywa, achague yale aliyoyasikia kwanza.

Vipimo vya namna hii vimefundisha nini? Mzee akiulizwa bila msaada, hutaja machache kuliko kijana. Lakini akisikia lile neno tena, mara nyingi hulitambua. Na ujuzi wake wa maana ya maneno hudumu hata uzeeni. Basi kukawia kukumbuka siyo kupotewa na akili.

Lakini mtu anayeuliza neno lile lile mara kwa mara, asiyekumbuka hata akikumbushwa, au anayepotea katika njia ya nyumbani kwake, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Yawezekana ni ugonjwa, kama ule ulioelezwa na Alois Alzheimer mwaka 1906. Na apimwe katika lugha yake mwenyewe. Tena mpimaji aulize kama alisoma shuleni, kwa maana masomo huongeza alama. Asiyejua kusoma asihesabiwe mgonjwa bure.

Amri ya nne haina mwisho wa miaka. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, chatuagiza kumvumilia baba hata akili zake zikipunguka. Basi tusiwacheke wazee wetu. Tuwakumbushe kwa upole, kama walivyoturudilia sisi maneno yetu ya kwanza.